Dawa ya Kifua na Madhara Yake Sikioni

Wahenga walisema ya kuwa hakuna masika yasiyo na mbu. Habari za dawa iitwayo streptomisini zatuonyesha ukweli wa maneno hayo.

Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alilazwa tu, akapewa hewa safi na chakula chema, akangojea majaliwa yake. Mwaka wa 1943 Albert Schatz, mwanafunzi wa Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, aliipata dawa hiyo katika vijidudu vya udongoni. Mwaka wa 1947 waganga wa Uingereza waliijaribu: wagonjwa 55 walichomwa sindano, na 52 walipumzishwa tu. Baada ya miezi sita, katika wale 55 walikufa 4. Katika wale 52 walikufa 14.

Lakini wengi waliochomwa walishikwa na kizunguzungu, wakayumba kama walevi, hasa gizani. Sababu ni kuwa ndani kabisa ya sikio pana kiungo kituwezeshacho kusimama wima. Dawa huua chembe zake, nazo hazioti tena. Wengine walipata uziwi wa daima. Na mwenye figo dhaifu alizidi kuumia, kwa kuwa dawa hutoka mwilini kwa njia ya figo.

Je, dawa hiyo ilikuwa adui? La, iliokoa roho nyingi. Ila waganga walijifunza kupunguza kipimo na kupima masikio. Nawe, ukitumia dawa kali, masikio yakianza kuvuma usinyamaze: mwambie mganga siku ile ile.