Msitu wa Karibu na Msitu wa Mbali: Mpangilio wa Miombo Kuzunguka Tabora na Mgawanyo wa Manufaa Yake

Mwaka 1826 Johann Heinrich von Thünen, mkulima na mwanauchumi wa Kijerumani, alieleza kinadharia jinsi ardhi inavyojipanga kuuzunguka mji mmoja uliojitenga. Mboga na maziwa huwa jirani kabisa na mji. Baada yake hufuata ukanda wa msitu, na nafaka huwa nje ya huo. Sababu ya kuuweka msitu karibu kiasi hicho ilikuwa uzito: kuni ni nzito, bei yake ni ndogo, na gharama ya kuzisafirisha humeza faida upesi. Tabora, mji uliokua ndani ya miombo ya Unyanyembe, ungetarajiwa kuwa mfano mzuri wa nadharia hiyo. Haukuwa. Katika kipindi cha karibu karne moja na nusu msitu uliohitajiwa karibu ulizidi kusogea mbali, na kilichosababisha hali hiyo si shoka peke yake.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ukubwa wa msitu hautoshi kueleza manufaa yaliyopatikana kutoka kwake. Lenye uzito zaidi ni mahali msitu uliposimama ukilinganishwa na nyumba, shamba, kisima na njia. Kila mpangilio huo ulipobadilika, manufaa yalihama pia: yalitoka mikononi mwa watu fulani yakaingia mikononi mwa wengine.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya baadaye, tarehe 7 Novemba 1857. Kabla ya hapo walivuka Mgunda Mkali, pori lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi, ambalo wapagazi waliliogopa kwa uhaba wa maji na chakula. Kwa msafara, msitu ule ulikuwa umbali tu: siku nyingi za kutembea bila soko. Kwa Wakimbu waliokuwa wakilifyeka na kuanzisha vijiji humo, pori hilohilo lilikuwa ardhi mpya, na wasafiri wakawa wanunuzi wa nafaka yao. Henry Stanley alipopita mwaka 1871 hali ilikuwa imegeuka kwa namna mbili. Sehemu za Mgunda Mkali zilikuwa zimefunguliwa, ilhali Rubuga, iliyosifiwa na Burton kwa wingi wa watu, ilikuwa imebomolewa katika vita vilivyohusiana na kuondolewa kwa Mnywa Sere katika utemi wa Unyanyembe. Msitu wa njia ya misafara, kwa hiyo, haukuwa ukipungua mfululizo kama inavyosimuliwa mara nyingi. Ulifunguka hapa na kujifunga pale, kwa kufuata siasa na biashara.

Ndani ya Unyanyembe yenyewe mpangilio ulifuata umbo la ardhi. Miombo ilishika miinuko, mashamba na tembe zikakaa kwenye miteremko, na mbuga zikatuamisha maji ya masika mabondeni. Mfuatano huu wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni ndio ambao Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, aliupa jina la kisayansi katika miaka ya 1930. Wakulima walikuwa wakiutumia zamani. Umuhimu wake kwa suala hili ni kwamba kijiji kimoja kiliweza kuwa na msitu, shamba na maji katika mwendo wa saa chache. Kuni, uyoga, mboga za porini na dawa vilipatikana kwa kwenda na kurudi siku ileile. Magome ya miyombo yalitoa kamba, mizinga ya nyuki na malindo ya kuhifadhia nafaka. Asali ilikuwa ya mbali zaidi, nayo ilikuwa kazi ya wanaume walioweza kulala porini. Umbali, kwa maneno mengine, uligawa kazi kati ya wanawake na wanaume kabla serikali yoyote haijachora mpaka wa hifadhi.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Hapo hesabu ya von Thünen ilivunjika, kwa kuwa mzigo mzito uliweza sasa kusafirishwa mbali kwa gharama nafuu. Hata hivyo badiliko kubwa zaidi lilitoka upande usiotarajiwa, yaani tiba. Helge Kjekshus (1977) ameonyesha jinsi sotoka, vita na njaa za miaka ya 1890 zilivyodhoofisha uwezo wa jamii kulidhibiti pori, na mbung'o wakaenea pamoja na vichaka. Malale ilipozuka magharibi mwa Tanganyika, utawala wa Kiingereza uliamua kuwaondoa watu msituni. Kuanzia miaka ya 1920, chini ya usimamizi wa daktari George Maclean, wakazi waliotawanyika katika miombo walikusanywa katika makazi makubwa yaliyofyekwa, ili binadamu na mbung'o watengane.

Kipindi hiki ndicho ushahidi mzito zaidi wa hoja hii, nacho hakijapewa nafasi kinayostahili katika historia ya misitu. Msitu wa magharibi uliongezeka. Vijiji vya zamani viligeuka matongo, na matongo yakaota miti. Mwanahistoria anayehesabu eneo lenye miti peke yake angeandika kwamba misitu ilistawi. Lakini mwanamke aliyehamishiwa katikati ya eneo lililofyekwa alikuwa na msitu mkubwa zaidi upeoni na kuni chache zaidi uani. Mrina asali alibaki na nyuki wake, ila kambi yake ikawa mbali zaidi na familia yake. Maisha yaliokolewa, na jambo hilo halipaswi kupuuzwa. Gharama yake, hata hivyo, ililipwa kwa miguu ya wachache wasioonekana katika taarifa za afya.

Kwa upande wa nyuki, msitu mpana usiokatwakatwa ulikuwa na faida halisi. Mitundu na miyombo huchanua kabla ya mvua za mwaka, wakati muba huchanua masika yanapoisha. Mzinga uliopo mahali penye miti hiyo yote hupata misimu miwili ya chakula. Vipande vidogo vya msitu vyenye aina moja ya miti haviwezi kutoa hivyo. Si ajabu kwamba Chama cha Ushirika cha Wafuga Nyuki Tabora, kilichoanzishwa mwaka 1962, kilitegemea misitu ya mbali na mji. Mpangilio uleule uliomlemea mtafuta kuni ulimfaa mfuga nyuki.

Tumbaku ililigeuza jambo hilo. Urambo, palipokuwa mmojawapo wa mashamba ya mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951, pakawa kitovu cha tumbaku ya mvuke, zao linalokausha majani kwa kuni na kuhitaji ardhi mpya mara kwa mara. Msitu wa mbali ulianza kutobolewa kutoka ndani. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikaongeza mkusanyiko wa watu kando ya barabara, kwa sura iliyofanana mno na ile ya miaka ya 1920, ingawa madhumuni yake yalikuwa mengine. Baadaye mkaa, ulio mwepesi kuliko kuni kwa kiasi kilekile cha nishati, ukavuta mahitaji ya mji hadi maeneo ambayo kuni zisingefika. Kwa Dar es Salaam, Ahrends na wenzake (2010) walipima jinsi uvunaji wa mbao za thamani ulivyosogea kilomita 120 kutoka mjini kati ya mwaka 1991 na 2005, takriban kilomita 9 kwa mwaka. Tabora, yenye wakazi zaidi ya 300,000 katika sensa ya 2022, ni mji mdogo kuliko huo, na mawimbi yake hayafuati duara: hufuata reli, barabara na mabani ya tumbaku.

Ziba, katika wilaya ya Igunga, inatoa ulinganisho wa manufaa. Huko kaskazini-mashariki miombo inaishia na nchi ya wazi ya ng'ombe na pamba inaanza, na miti iliyobaki ni michache kuliko ya Urambo au Sikonge. Lakini huko, kama Usukumani kote, upo utaratibu wa ngitili: kipande cha malisho na miti kinachofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, kando ya makazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulihuisha utaratibu huo katika mkoa jirani, na zaidi ya hekta 300,000 zikarejea katika hali ya ngitili. Kwa kipimo cha asali na mbao, ngitili ni msitu duni. Kwa kipimo cha kuni, fito, dawa na nyasi za ng'ombe mwezi Oktoba, unashinda hifadhi kubwa iliyo mwendo wa siku nzima.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 iliigawa misitu kwa kumtazama mwenye nayo: ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya binafsi. Ngitili ya kaya iliingia katika fungu moja na ngitili ya kijiji katika jingine, hata pale zilipopakana na kulishwa na ng'ombe walewale.