Nyimbo za Wapagazi wa Vita

Julai 1916, Wajerumani walipoizamisha wenyewe, karibu na mlango wa mto Malagarasi, meli yao Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba, na Wabelgiji wakaingia Kigoma, vita vile, yaani Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vilikuwa vimekwisha kuwalemea wapagazi, ambao kwa upande wa Waingereza pekee walikaribia milioni moja, na wengi mno wakafishwa na maradhi na njaa. Hawakuwa na gazeti wala wakili. Dhuluma waliishtaki kwa nyimbo za safari, na beni, ngoma iliyozaliwa pwani, ikaiga gwaride na vyeo vya maafisa. Kwangu mimi huo ni ushahidi, wala si mchezo mtupu. Nao wakimbizi wa Kongo, waliopokewa Nyarugusu, Kasulu, huko huko mkoani Kigoma, tangu 1996, wanayajua kwa miili yao yale waliyoyalalamikia wapagazi.