Kihamba na Pensheni: Historia ya Kipato cha Uzeeni Sanya Juu
Kabla ya mifuko ya hifadhi ya jamii, tegemeo la mzee wa Kichaga lilikuwa kihamba: migomba, kahawa, na kitindamimba aliyerithi nyumba ya wazazi pamoja na wajibu wa kuwatunza. Katika mashamba ya walowezi ya Sanya, kibarua alizeeka juu ya ardhi isiyo yake. Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi (NPF) wa mwaka 1964 ulilipa kwa mkupuo. Sheria ya NSSF ya mwaka 1997 ilileta pensheni ya kila mwezi. Hata hivyo, nafuu ya kodi ilifuata mshahara, kwa kuwa mchango wa mwajiriwa hutolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Mkulima wa kahawa hakunufaika. Kihamba kilibaki pensheni yake, nacho kilipungua kila kilipogawanywa kwa warithi.