Jina na Fundi: Juu ya Kumtambua Mtengenezaji wa Gitaa la Kihawaii la Zamani

Kila achunguzaye asili ya kitu cha kale huanza kwa kusoma jina lililoandikwa juu yake, na mara nyingi hapo ndipo apoteapo. Wachunguzi wa tungo za Kiswahili walijua jambo hili tangu zamani: jina lionekanalo mwishoni mwa hati ya utenzi pengine ni la mtunzi, pengine ni la mnakili, na pengine ni la mwenye mali aliyeagiza nakala ile iandikwe. Asiyewatofautisha watu hawa watatu humpa mmoja sifa iliyo haki ya mwingine. Shida iyo hiyo huwakabili wale wanaochunguza magitaa ya Kihawaii yaliyotengenezwa Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na njia waliyoitumia kuitatua yastahili kuangaliwa na kila mwenye kazi ya kuhakiki maandishi.

Yafaa kwanza kulieleza jina la chombo chenyewe, maana limekwisha kuwapotosha wengi. Waingereza na Wamarekani hukiita gitaa la feleji. Mtu aweza kudhani kwamba feleji hiyo ni ile ya nyuzi au ya kiwiliwili. La, ni kipande cha chuma ambacho mpigaji hukishika kwa mkono wa kushoto na kukitelezesha juu ya nyuzi bila ya kuzikandamiza kwenye ubao wa shingo. Kwa hiyo gitaa la feleji laweza kuwa la mti mtupu. Wahawaii wenyewe hulitamka kīkā kila. Kīkā ni gitaa, na kila ni neno la Kiingereza la feleji lililovikwa sauti za Kihawaii: lugha hiyo haina s wala g, t ya wageni huigeuza k, hairuhusu konsonanti mbili kufuatana, na kila neno lake hukoma kwa irabu. Msemaji wa Kiswahili, aliyelipa neno benki irabu yake ya mwisho, hataona ajabu.

Mtindo huu wa kupiga ulianza Hawaii katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Wengi humtaja Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874, kwamba aliuvumbua yapata mwaka 1889 alipokuwa mwanafunzi wa shule ya Kamehameha mjini Honolulu; na wako wanaotaja watu wengine. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliupeleka muziki huo mbele ya umati wa Wamarekani, na tangu hapo haja ya magitaa ikazidi nguvu za mafundi wachache. Hapa ndipo jina na fundi vilipoanza kutengana.

Mfano wa kwanza ni wa Los Angeles. Hermann Weissenborn, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1937, aliunda magitaa ya mti wa koa ambayo shingo yake ni tupu ndani, kiasi kwamba sauti hupata nafasi tangu kifuani hata karibu na kichwa. Lakini Chris Knutsen, mzaliwa wa Norway aliyepata kufanya kazi katika jimbo la Washington kabla ya kuhamia mji huo huo, naye aliunda magitaa ya shingo tupu. Zaidi ya hayo, C. S. DeLano, mwalimu wa muziki mjini humo, aliuza magitaa yenye jina la Kona ambayo hakuyaunda kwa mkono wake. Ikiwa karatasi ya ndani imebanduka, mchunguzi hubaki na kazi ya mikono tu: jinsi vipande vya mti vilivyopangwa ndani ya kifua, jinsi kingo zilivyopambwa, na jinsi kichwa kilivyochongwa. Hayo ni kama mwandiko wa mnakili, ambao hutambulikana hata pasipo sahihi.

Mfano wa pili waonyesha kwamba hata pale jina linapokuwa la kweli, halitoshi. Mwaka 1927 John Dopyera, mzaliwa wa nchi ya Waslovaki, na George Beauchamp, mpigaji wa gitaa, walianza kutoa magitaa ya National yenye koni tatu nyembamba za alumini za kukuza sauti. Viwiliwili vya chuma vya magitaa hayo vilitoka katika karakana ya Adolph Rickenbacker. Basi mtengenezaji ni nani: aliyebuni, aliyekunja chuma, au mwenye jina? Dopyera alipojitenga na wenzake, yeye na ndugu zake walianzisha jina la Dobro, lililoungwa kwa silabi za ukoo wao na neno la Kiingereza la ndugu. Na katika lugha yao ya kuzaliwa neno hilo lina maana ya wema. Koni ya Dobro imefunguka juu kama bakuli, na daraja la nyuzi hukaa juu ya chuma chenye miguu iliyotanda mfano wa buibui. Lakini kampuni ya Regal ya Chicago nayo ilipewa ruhusa ya kuunda magitaa ya namna hiyo, hata koni peke yake isiweze kukata shauri.

Beauchamp na Rickenbacker, kwa upande wao, walitoa mwaka 1932 gitaa la umeme la alumini ambalo kwa umbo lake liliitwa kikaango. Hati ya haki ya uvumbuzi ilipatikana mwaka 1937. Katika habari yao hata tahajia ni ushahidi. Rickenbacker alizaliwa Uswisi, na ukoo wake uliandikwa kwa ch mahali pa ck. Vibao vya magitaa ya zamani vina tahajia ile ya kwanza, na vya baadaye vina hii ya pili.

Hata hivyo hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa jina Oahu. Oahu ni kisiwa cha Hawaii ambako ndiko ulipo mji wa Honolulu. Msomaji wa jina hilo kwenye kichwa cha gitaa atadhani kwamba chombo kilitoka huko. Kumbe lilikuwa jina la kampuni ya Cleveland, katika jimbo la Ohio, iliyochapa na kuuza masomo ya muziki, na pamoja na masomo ikawauzia wanafunzi magitaa. Kampuni hiyo haikuwa na kiwanda cha magitaa. Iliyanunua kwa wengine, na mengi ya yale ya umeme yalitoka Chicago. Huko kampuni ya National-Dobro ilikuwa imehamia mwaka 1936, na mwaka 1943 mahali pake pakashikwa na Valco, jina lililofanywa kwa herufi za kwanza za Victor Smith, Al Frost na Louis Dopyera. Kiwanda hicho kimoja kilitoa magitaa yenye majina ya National, Supro na Oahu, na pia Airline kwa maduka ya Montgomery Ward, mpaka kilipoungana na Kay mwaka 1967 na kufungwa mwaka uliofuata.

Kinyume chake pia hupatikana, yaani jina moja na mafundi wengi. Silvertone lilikuwa jina la maduka ya Sears, na vyombo vilivyobeba jina hilo viliundwa na Harmony, Kay, Danelectro na Valco. Kwa hiyo kusema kwamba gitaa fulani ni Silvertone ni kutaja aliyeliuza, si aliyeliunda.

Kutokana na mifano hii wachunguzi wamejiwekea utaratibu. Huangalia kwanza kazi ya ndani. Kinasa sauti cha magitaa mengi ya Valco, ambacho nyuzi hupita katikati yake badala ya kupita juu, huonekana kwenye Supro na kwenye Oahu vilevile, ingawa majina ni mbalimbali. Kisha husoma kibao kidogo cha chuma chenye nambari, kilichopigiliwa misumari na kiwanda. Halafu hufungua na kutazama vifundo vya kupandishia sauti, maana wafanyao vifundo hivyo huvipiga chapa: tarakimu tatu za kwanza humtaja mfanyaji wa kifundo, 137 kwa mfano ikiwa ni alama ya kampuni ya CTS, na zifuatazo hutaja mwaka na juma. Ushahidi huo una mpaka wake. Kifundo cha mwaka 1948 chathibitisha kwamba gitaa, ikiwa halikutengenezwa upya, halikukamilika kabla ya mwaka huo. Hakithibitishi kwamba lilikamilika mwaka huo huo, wala hakimtaji mtengenezaji wa gitaa. Ni sawa na karatasi yenye alama ya maji katika hati ya kale. Jina la usoni huja mwisho, likapimwa kwa hayo yaliyotangulia.

Jambo hili si la wanunuzi na bei tu. Jina la duka huishi katika matangazo, lakini mikono iliyopinda mti wa koa na kukunja chuma haikuandikwa popote isipokuwa katika kazi yenyewe. Kwa hiyo mwenye kuhifadhi chombo cha namna hii hana budi kuandika mambo matatu mbalimbali: nani alibuni, nani aliunda, na nani aliuza, na kila moja liandikwe pamoja na ithibati yake. Akiyachanganya katika neno moja la mtengenezaji, atakuwa amerudia kosa la msomaji wa hati aliyemsifu mnakili kwa shairi la mtunzi.