Ramani ya Mlima Kilimanjaro

Ninyi mliokusanyika darasani huko Mbagala, utazameni mnazi ulio nje. Je, mwaweza kujua urefu wake bila kuukwea? Naam. Pimeni kwa kamba kutoka shinani hadi mliposimama, kisha pimeni pembe ya kutazama kileleni. Hesabu itawapa urefu. Mlima, kwa kuwa kitovu chake hakifikiwi kwa kamba, hutazamwa kutoka ncha mbili za mstari uliopimwa kwa uangalifu.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wake ni kitu gani, alijibiwa kuwa ni baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Wachagga, wenyeji wa mlima, hawakuwa na shaka nayo. Lakini bwana Cooley wa London, mjuzi wa ramani asiyepata kufika huku, alikataa katakata. Ushuhuda wa macho haukutosha, vilitakiwa vipimo. Mwaka 1861 Baron von der Decken alikuja na kijana Richard Thornton, wakaupima mlima kwa pembe.

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walipanda na kamera. Walipiga picha za sehemu moja kutoka mahali pawili, kama macho yetu mawili yatazamavyo kitu kimoja. Kwa tofauti iliyomo katika picha hizo, Klute alichora ramani ya sehemu za juu, pamoja na mipaka ya barafu. Mwaka 1952 wapimaji wa Kiingereza walipata urefu wa mita 5,895. Mwaka 1999 mlima ukapimwa kwa msaada wa setilaiti, zikapatikana mita 5,892.

Yatufaa nini hayo? Mwaka 1912 barafu ilienea kilometa za mraba kama 12. Mwaka 2007 zilibaki pungufu ya 2. Bila ramani ile, mzee angesema barafu ilikuwa nyingi, na kijana angembishia kama Cooley alivyombishia Rebmann. Ramani nzuri ni shahidi asiyesahau.

Zoezi: pimeni mnazi wenu, mwandike vipimo na tarehe daftarini, mkalitunze daftari hilo. Atakayeupima baada yenu atawashukuru.