Magita ya Malakia

Wengi wanaotafuta gita kuukuu la umeme huanza kwa kuuliza kampuni: ni Fender, Gibson au Höfner? Mimi huuliza kwanza lilipigwa mtaa gani, na nani, katika harusi za nani. Ninatafuta magita yaliyopigwa Juba kabla ya vita vilivyoanza 1983. Ni machache mno, na uchache huo ni historia ya mji wenyewe.

Malakia ni miongoni mwa mitaa mikongwe kabisa ya Juba. Waingereza walipohamisha makao ya mkoa kutoka Mongalla mwishoni mwa miaka ya 1920, familia za askari wastaafu, mafundi na wachuuzi zilijenga hapa, watu wa makabila mengi waliounganishwa na Kiarabu cha Juba. Ndugu zetu wako Kibra, Nairobi, na Bombo, Uganda: Wanubi, wazao wa askari wa Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza. Kwetu, ukoo mmoja una watu katika nchi zote tatu. Ndiyo maana Kiswahili changu ni cha Kibra. Nililelewa huko kwa shangazi wakati nyumbani kulikuwa hakukaliki. Mtaa wa namna hii haukuwa na ngoma ya kabila moja ya kuchezwa na wote. Muziki wa bendi uliziba pengo hilo. Mgeni na mwenyeji, Mbari na Mzande, wote walisimama kucheza bila kuulizana kwao wapi.

Gita la umeme lilitufikia kwa njia mbili. Kaskazini alikuwako Sharhabil Ahmed wa Omdurman, ambaye Wasudan wanamwita mfalme wa jazz, pamoja na mkewe Zakia Abul Gassim, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini Sudan kupiga gita kama kazi. Njia ya pili, ambayo kwa sikio langu ndiyo iliyotia mizizi Juba, ilitoka Congo. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alipeleka gita la umeme Léopoldville, kwenye studio ya CEFA. Miaka mitatu baadaye Franco na wenzake wakaanzisha OK Jazz. Mwaka 1960 Dr Nico akapiga solo katika Indépendance Cha Cha, na redio ikaisambaza Afrika nzima. Kisha mwaka 1972 ukatiwa sahihi mkataba wa amani wa Addis Ababa, na watu wa kusini waliokuwa wamekimbilia Congo na Uganda wakarudi. Walirudi na sahani za santuri, na masikio yaliyokwisha kuzoea magita matatu yanayojibizana: solo, ridhimu na besi.

Miaka kumi na moja iliyofuata ndiyo ninayoitafuta. Juba ilikuwa makao ya serikali ya kusini, watumishi walilipwa mishahara, na Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron kilijengwa katika kipindi hicho. Bendi zilizotamba ni Skylarks na Rejaf Jazz, hii ya pili ikibeba jina la kilima cha Rejaf kilicho kusini ya mji. Chini yao zilikuwako bendi ndogo za harusi ambazo hazikuandikwa popote. Mjomba wangu alipiga ridhimu katika mojawapo. Hakuwa na gita.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na halikuwa la Juba peke yake. Tanzania ilikuwa vivyo hivyo: NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Polisi, JKT, mashirika ya umma, wote walinunua vyombo na kuajiri wapigaji. Mwanamuziki akihama bendi, alihama na vidole vyake tu, gita lilibaki. Vyombo vya bendi ya mjomba vilikuwa vya mfanyabiashara mmoja, ambaye baada ya kila harusi aliyahesabu magita na kuyafungia ghalani pamoja na magunia ya sukari. Kwa hiyo anayekwenda leo kwa familia ya mpigaji wa zamani na kuuliza gita liko wapi, anaonyeshwa picha. Kwenye picha gita lipo, limeshikwa kwa mapenzi kabisa, lakini halikuwa la nyumba ile.

Tarehe 5 Juni 1983 Rais Nimeiri aliigawa Kusini katika mikoa mitatu, jambo tunaloliita kokora, na watu wasio wa Equatoria wakaambiwa warudi kwao. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza Bor mwezi uliotangulia. Septemba ikaja sharia. Baada ya mapinduzi ya 1989 Juba ikawa mji wa kambi, umezingirwa, na amri ya kutotoka usiku. Mwaka 1992 waasi wa SPLA walipoushambulia mji, jeshi la serikali liliwakamata watu wengi ambao hawakuonekana tena. Bendi hupiga usiku. Usiku ukichukuliwa, gita linabaki kuwa mbao na waya, na katika mji wenye njaa mbao ni kuni na waya ni pesa.

Kwa sababu hiyo soko la kutafutia magita ya Juba haliko Juba. Kwenye soko letu la Konyo Konyo utapata magita mapya ya Kichina. Nimewahi kutafuta Nairobi, upande wa River Road, na huko muuzaji mmoja aliniletea gita akisema ni Fender Stratocaster ya 1965. Niliomba bisibisi. Kabla hata ya kufungua niligeuza mgongo: shingo ilishikwa na skrubu tatu, na Fender walianza kutumia skrubu tatu kwenye Stratocaster mwaka 1971. Nikafungua bamba la mbele nikatazama kidude cha voliumu kwa chini, kwenye bati lake, ambako viwanda vya Marekani hupiga chapa ya namba. Ilisomeka 1377633. Tarakimu tatu za mwanzo ni mtengenezaji, CTS. Mbili zinazofuata ni mwaka, 76. Mbili za mwisho ni wiki, ya 33. Risasi ya lehemu ilikuwa ya kiwandani, haijaguswa. Gita lilikuwa zuri na la kweli, lakini la karibu na mwisho wa 1976, na bei aliyotaja ilikuwa ya 1965. Nimeeleza haya kirefu kwa ajili ya vijana wetu: mwombe muuzaji akuruhusu kufungua, na akikataa, mshukuru uondoke.

Nililonunua mwishowe nililipata Koboko, Uganda, kwa bibi mmoja ambaye marehemu mumewe alitoroka nalo kutoka Juba kupitia Yei na Kaya. Mfanyabiashara mwenye mali alikuwa amempa badala ya mishahara aliyomdai. Ni Teisco ya Kijapani, ya miaka ya 1960, kabla kampuni hiyo haijanunuliwa na Kawai mwaka 1967. Vinasa sauti vyake vina uso wa rangi ya dhahabu, shingo yake ni nene, na hakuna mkusanyaji wa Ulaya ambaye angelitazama mara mbili kama angeliona katika hali ile. Swichi moja ilikuwa imeng'oka, na mahali pake fundi wa redio alichomeka swichi ya taa ya ukutani, akailehemu vizuri. Uzi wa tatu ulikuwa unyuzi uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Nilipoondoa bamba nikakuta ndani, kwa kalamu ya wino, jina la mtu na maneno mawili: Malakia, 1978.

“Mwanangu, usilisafishe likawa jipya,” bibi aliniambia. Nilimlipa dola 180, zaidi ya alizotaja, kwa sababu nilikuwa nimeshaona ndani na yeye hakuwa ameona. Gita likaja Juba kwa barabara ya Nimule, ile ya lami ya kilomita 192 iliyofunguliwa 2012.

Nimebadilisha nyuzi na kusafisha kutu kwenye vidude vya sauti. Swichi ya taa nimeiacha. Wapo wanaoshauri nitafute swichi halisi ya Kijapani ili thamani ipande, na ni kweli ingepanda kwa mnunuzi wa mbali. Lakini swichi ile ndiyo habari kamili ya Juba ya mwaka fulani: vipuri havikuja, harusi ilikuwa jioni, fundi alikuwepo. Ukiing'oa unabaki na Teisco kama zilizopo nyingi duniani.

Jamaa za mtu mwenye jina lile nimewatafuta nikawapata, na wameniruhusu kulitunza gita hapa hapa mtaani, kwa sharti kwamba lipigwe kwenye harusi zao. Limeshapigwa.

Sasa naomba hivi kwa watu wa Malakia, na kwa jamaa zetu wa Kibra, Bombo, Arua na Koboko. Kama kuna gita, spika au hata shingo tupu iliyovunjika juu ya dari, msiiuze wala kuitupa kabla ya kukaa na mzee aliye hai na kuandika nani alipiga, bendi gani, ukumbi gani, nani alikuwa mwenye mali. Andikeni kwa wino kwenye karatasi, mkaichomeke ndani ya gita lenyewe. Wazee waliocheza Nyakuron miaka ile wamebaki wachache, na mwaka huu tumezika wengine.