Jicho Halibaki Kaburini

Katika miaka ya 1690, Bernard Connor, daktari kijana wa Ireland aliyekuwa akisomea Ufaransa, aliichunguza mifupa ya mtu ambaye jina lake halikujulikana. Pingili 15 za chini za mgongo, nyonga na mbavu zilikuwa zimeungana zikawa mfupa mmoja, kana kwamba zimechongwa katika gogo moja. Connor hakuishia kushangaa. Alijaribu kuyasoma maisha ya mtu yule: hakuweza kuinama wala kugeuka, na kwa kuwa mbavu zake hazikucheza, hata kuvuta pumzi kulimtaabisha.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika historia, na Connor ananivutia kwa sababu alifanya kazi ninayojifunza kuifanya: kuyahoji masalia. Lakini lipo swali ambalo mifupa ile isingeweza kumjibu. Je, mtu yule aliwahi kuugua macho? Mfupa hukaa karne na karne. Jicho huoza mapema.

Ugonjwa ule leo unaitwa ankilosing spondilaitisi. Kinga ya mwili huvisha viungo vya nyonga na mgongo uvimbe wa muda mrefu, na kwa baadhi ya watu pingili huishia kugandana. Robo hadi theluthi ya wagonjwa hupatwa, wakati fulani maishani, na uvimbe wa ndani ya jicho. Jicho moja linakuwa jekundu ghafla, linauma, mwanga unalichoma. Linatulia, baada ya miezi kadhaa pengine ni zamu ya jicho la pili. Likicheleweshewa matibabu, uwezo wa kuona unaweza kupotea.

Ili mtu aunganishe mambo hayo mawili, alihitaji mgonjwa aliye hai. Mwaka 1850 daktari mpasuaji wa Uingereza, Benjamin Brodie, alimwandika mwanamume aliyekakamaa mgongo ambaye mara kwa mara alivimba jicho. Hapo ushahidi ulikuwa umeshaandikwa. Hata hivyo, waliokuja kuupa ugonjwa sura yake mwishoni mwa karne ile, Bekhterev wa Urusi, Strümpell wa Ujerumani na Pierre Marie wa Ufaransa, walikuwa mabingwa wa mishipa ya fahamu, na majina yao yakabaki kwenye mgongo. Jicho lilikuwa na daktari wake, chumba chake na faili lake.

Najua faili hizo zinavyofanya kazi. Kaka yangu alikuwa na mbili, katika majengo mawili. Katika moja alikuwa mtu wa jicho jekundu, akapewa matone. Katika nyingine alikuwa kijana anayelalamika mgongo asubuhi, akaambiwa abadilishe godoro. (Alilibadilisha mara mbili. Mama alilipia.)

Mwaka 1973 damu ndiyo iliyozikutanisha faili. Timu mbili, moja London na nyingine Los Angeles, zilitafuta alama moja ya kurithi kwenye seli nyeupe, inayoitwa leo HLA-B27. Timu ya London, akiwemo Derrick Brewerton, iliikuta kwa wagonjwa 72 kati ya 75 wa mgongo, na kwa watu 3 tu kati ya 75 wasio na ugonjwa huo. Mwaka huohuo Brewerton na wenzake waliwapima watu waliovimba ndani ya jicho. Karibu nusu walikuwa nayo. Vipimo vya enzi ile vilitegemea sana seramu ya akina mama waliozaa mara kadhaa, maana mwili wa mama huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya alama ambazo mtoto amerithi kwa baba. Makala za kitabibu ziliyahifadhi majina ya madaktari. Akina mama hao siwaoni popote, na mimi, kama mwanahistoria, hilo linanikera.

Ila alama ile ilileta upofu mwingine. Ni adimu kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara, basi ugonjwa wenyewe ukahesabiwa kuwa haupo kwetu. Ni kweli huku ni adimu zaidi kuliko Ulaya. Lakini uchunguzi wa Zimbabwe na Afrika Kusini ulionyesha kwamba wapo wagonjwa weusi, na wengi wao hawana HLA-B27. Kipimo cha kaka nacho kilirudi bila alama hiyo, na kwa miezi kadhaa karatasi ile ilitumika kama hukumu ya kumwachia huru mtu ambaye hawezi kufunga kamba za viatu. Picha za nyonga ndizo zilizomaliza ubishi.

Mwaka 2015 madaktari wa Dublin walitangaza utafiti juu ya watu waliofika kwa ajili ya jicho la namna hiyo. Karibu asilimia 40 walikuwa na ugonjwa wa jamii hii ya mgongo, nao hawakuwa wamegunduliwa. Utaratibu waliopendekeza unaanza kwa maneno, kabla ya maabara. Mgongo umekuuma kwa zaidi ya miezi mitatu? Ulianza kabla hujatimiza miaka 45? Au viungo vimewahi kukuuma hadi ukamwendea daktari? Kaka aliulizwa maswali hayo kwa mara ya kwanza katika mwaka wa sita wa matone.